Safari ya Kasongo na Kabambare: Sadaka na Shina la Taabu

Safari yetu ya juma hili yatupeleka kusini mwa mkoa wa Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tutaanza Kasongo, mji usio mbali na mto mkubwa Lualaba, kisha tutashika njia ya mashariki hadi Kabambare, katika nchi ya Wabangubangu, upande wa kwendea ziwa Tanganyika. Kati ya miji hii miwili ni zaidi ya kilomita 100. Mwenye haraka asiende huko. Lakini apendaye kujifunza na aende, maana nchi hii imeona taabu za namna nyingi, na imepokea wahisani wa namna nyingi. Mtu akiyalinganisha hayo mawili hupata fundisho kubwa juu ya upendo wa jirani.

Fundisho lenyewe tutalisema tangu mwanzo. Kumpa mhitaji ni wajibu wa Mkristo, wala hakuna awezaye kuufuta wajibu huo. Lakini yako machozi yasiyokauka kwa kufutwa, kwa sababu mkono ulioyaleta bado unapiga. Basi upendo wa kweli hufuta machozi, kisha huuliza: nani anapiga, na kwa nini?

MJI WA KASONGO

Kasongo ni mji wa udongo mwekundu, wa miembe na michikichi, wa baiskeli nyingi na magari machache. Alfajiri husikika adhana ya msikiti, halafu kengele ya kanisa, maana Maniema ni mojawapo ya sehemu za Kongo zenye Waislamu wengi. Wakristo na Waislamu huzikana, na hununua chumvi katika soko moja. Wote husema Kiswahili. Lugha hii haikuletwa na shule. Ilikuja na misafara ya pwani, pamoja na mchele, na miembe, na huzuni nyingi.

Kasongo ya kale haikuwa hasa hapa ulipo mji wa leo. Ilikuwa mahali paitwapo sasa Kasongo-Tongoni, na jina hilo lajieleza lenyewe, maana tongo ni mahali palipohamwa na watu. Huko, katika miaka ya 1870, Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliweka makao yake. Mashamba ya mpunga yalikuwa makubwa, nyumba zilikuwa imara, na wageni wa Ulaya waliofika huko walistaajabu. Lakini utajiri ule ulitoka katika pembe za ndovu, nazo pembe hazina miguu. Zilihitaji mabega ya watu. Vijiji vilivamiwa, watu wakatekwa. Wengine wakabebeshwa pembe kuelekea Tanganyika, Tabora na pwani, wengine wakauzwa njiani.

Tena tusidhani kwamba mwisho wa njia ile ulikuwa Unguja. Kutoka Unguja pembe zilipakiwa melini kwenda Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Huko Connecticut, Marekani, vilikuwako viwanda vilivyozikata vipande vyembamba vya kufunikia vibonyezo vya piano. Binti aliyejifunza muziki nyumbani kwao hakujua habari za vijiji vilivyoteketezwa kwa ajili ya vibonyezo vile. Huenda alikuwa mtoto mwema, mwenye kutoa sadaka yake kila Jumapili kwa ajili ya watu wa Afrika. Shina la taabu ya Maniema lilifika mpaka sebuleni kwao, naye hakuliona.

Kaskazini-magharibi ya Kasongo, kando ya Lualaba, kuna Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 Dkt. David Livingstone, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uskoti, alikuwa pale sokoni. Aliona kwa macho yake watu wa misafara wakifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake. Watu mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni walipojaribu kukimbia. Livingstone alikuwa mgonjwa, tena fukara. Hakuwa na askari wala nguo za kutosha kumkomboa hata mtu mmoja. Alikuwa na kalamu. Aliandika aliyoyaona, na barua zake zikafika Uingereza. Watu wa kule wakakasirika, serikali yao ikamshurutisha Sultani Barghash, na mwezi wa Juni 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa kwa mkataba. Mzee yule asiyekuwa na kitu aliwasaidia Wamaniema kuliko wengi waliokuja na mizigo ya zawadi, kwa kuwa alionyesha mahali jeraha lilipotoka.

WATOTO WALIOKOMBOLEWA

Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walifika Ujiji mwaka 1879. Wakaona misafara ikivuka ziwa, na watoto wenye kamba shingoni. Je, wangefanya nini? Walifanya kile ambacho moyo wa huruma huamuru: walitoa nguo na shanga, wakawanunua watoto ili kuwapa uhuru. Wakawalea katika vituo vya kando ya ziwa, kama vile Kibanga, kilichoanzishwa mwaka 1883, upande ule ule wa Kongo. Watoto wale walijifunza kusoma, kulima, na kusali. Baadhi ya familia za Kikristo za kwanza katika nchi hizo zilitokana nao. Tusiidharau kazi ile hata kidogo. Mtoto aliyekombolewa hakuuliza hoja za wataalamu. Alishukuru kwa kuwa hai.

Hata hivyo ilikuwako shida. Nguo iliyomkomboa mtoto mmoja yaweza kumpa mwuzaji nguvu ya kwenda kuteka wawili. Kila mnunuzi, hata akiwa mwema, ni mnunuzi. Na kwa kila mmoja aliyefika Kibanga, wangapi walikufa njiani?

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile, aliiona shida hiyo. Tarehe 5 Mei 1888 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka dhidi ya utumwa, alioupeleka kwa maaskofu wa Brazil. Lavigerie, aliyekuwa mzee na mwenye maradhi, akaanza kuzunguka Ulaya. Mwezi wa Julai mwaka ule ule alihubiri Paris, kisha akasema mbele ya watu wa London, na mwezi wa Agosti Brussels. Hakuwaomba fedha tu. Aliwataka waizuie biashara yenyewe. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Hivyo padre aliyekuwa akiwakomboa watoto mmoja mmoja kule ziwani hakuwa adui wa kardinali aliyegonga milango ya wakuu. Kazi ilikuwa moja, yenye mikono miwili.

BWANA MPYA

Laiti habari ingekwisha hapo! Lakini tutakuwa waongo tukinyamaza kuhusu yaliyofuata. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyejitangaza kuwa adui wa utumwa, mwaka 1887 alimfanya Tippu Tip kuwa mkuu wa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, kwa mshahara. Baadaye akapeleka majeshi kupigana na watu wa pwani. Kasongo ilitekwa tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare mwezi wa Januari 1894. Bendera ikabadilika. Lakini pembe ziliendelea kutakiwa, na mpira nao ukatakiwa, na mabega yakawa yale yale.

Mwaka 1917, Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji, ilitoka amri ya kilimo cha lazima. Pamba ikawa mzigo wa wakulima wa Maniema. Aliyelima hakupanga bei, na asiyelima alipata adhabu. Basi mtu akiuliza kwa nini katika nchi yenye mvua na udongo mzuri hivi umaskini umekaa kama mwenyeji, ajue kwamba haukuja wenyewe, wala hautokani na uvivu. Mwenye kuwaita watu wavivu kwanza na asome habari za baba zao.

WATOTO NA SURUA

Sasa tuzungumze habari za karibu zaidi, zilizolifanya jina la Kasongo lijulikane katika vyuo vya utabibu duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, walianza kazi hapa pamoja na wauguzi wa Kongo. Walikuta hospitali, kama zilivyo hospitali nyingi, ikingoja wagonjwa waletwe. Nao waliletwa kwa machela na kwa baiskeli, mara nyingi wamechelewa. Mtoto aliponywa, akarudi kijijini, na baada ya miezi michache alirudishwa tena na ugonjwa mwingine.

Madaktari wale wakapanga kazi kwa namna nyingine. Vilijengwa vituo vya afya karibu na watu, na hospitali ikawa ya wale tu ambao kituo hakikuweza kuwatibu. Muuguzi wa kituo alitakiwa kuzijua familia zake, siyo magonjwa yao tu. Wenyeji nao walikuwa na kamati yao ya kuzungumza na wauguzi juu ya kazi ya kituo. Mpango huu wa Kasongo, pamoja na mingine ya namna hiyo, ulisaidia kuonyesha njia ya maeneo ya afya ambayo nchi nzima iliifuata katika miaka ya 1980. Hata mkutano mkuu wa mataifa uliofanyika Alma-Ata mwaka 1978, juu ya afya kwa watu wote, ulitoa mawazo yaliyo karibu sana na hayo.

Wakati huo surua iliua watoto wengi. Watoto wa Kasongo wakachanjwa, na vifo vikahesabiwa kwa uangalifu. Mwaka 1981 matokeo yalitangazwa katika gazeti la madaktari la Lancet. Waliochanjwa walikufa wachache kuliko wenzao katika miezi ya kwanza, na hiyo ni furaha. Lakini kadiri walivyokua, tofauti ilipungua. Waandishi wakauliza swali zito: je, haiwezekani kwamba mtoto dhaifu, mwenye njaa, akiokolewa na surua leo, kesho huchukuliwa na kuhara au homa ya mapafu?

Tuwe waangalifu hapa, wazazi wapenzi. Wataalamu wengine walilibishia jibu hilo, na uchunguzi uliofanywa baadaye katika nchi nyingine, hasa Guinea-Bissau, umeonyesha kwamba chanjo ya surua huokoa maisha mengi sana. Kwa hiyo asiwepo mama atakayemnyima mtoto wake chanjo kwa kusingizia maneno yetu. Mpelekeni mtoto akachanjwe! Lakini swali la Kasongo lingali na maana. Mtoto hahitaji kuponyoka mlango mmoja wa mauti tu, iwapo milango mingine mitano imeachwa wazi. Ahitaji sindano, na maji safi, na chakula cha kutosha, na mama mwenye nafasi ya kupumzika, na baba asiyeimaliza bei ya mchele wake katika pombe.

NJIA YA KABAMBARE

Haya, tuondoke Kasongo. Njia ya Kabambare hupita katika nyika ndefu, na misitu iliyokaa mabondeni kando ya vijito. Pande zote ni muhogo, karanga, mpunga, na michikichi isiyohesabika. Ukiyatazama haya tu, utasema: hapa hapana maskini.

Kisha utakutana na wasukuma baiskeli. Hatusemi wapanda baiskeli, kwa sababu hawapandi, wanasukuma. Mtu mmoja amefunga bidoni za mafuta ya mawese pande zote mbili, na gunia juu, na kijiti cha kushikia usukani. Anakwenda siku kwa siku, akilala vijijini. Mvua ikinyesha, udongo hugeuka utelezi, naye hungoja. Afikapo penye daraja lililobaki magogo mawili, hufungua mzigo wote, huvusha kidoni kwa kidoni, halafu huufunga upya. Tulimwuliza mmoja wao kwa nini asiuze mafuta kijijini kwake. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, kijijini kila mtu ana mafuta. Tunachokosa ni chumvi, sabuni na dawa, na hivyo vyote viko huko mbele."

Tukahesabu pamoja naye. Sehemu ya faida huliwa na njia, maana baiskeli huvunjika. Sehemu nyingine huliwa kwenye vizuizi, ambapo kamba imevutwa njiani, na kila apitaye hutoa kitu asichopewa risiti yake. Sehemu nyingine huliwa na mnunuzi, ambaye ndiye apangaye bei, kwa sababu ajua kwamba mtu aliyesukuma mzigo kwa siku nne hawezi kuurudisha. Kinachobaki ni chumvi, sabuni, na labda daftari la mtoto. Mwaka unaofuata mtoto huyo hufukuzwa shule kwa kukosa ada, na parokia humlipia kwa sadaka. Ni vema parokia imlipie! Lakini ni nani atakayemwuliza mwenye kamba kwa nini aivute? Nani atakayewaita wanakijiji wote wauze mafuta yao pamoja, kwa bei moja, badala ya kila mtu kwenda peke yake kama kondoo kwa mchinjaji?

Tulilala katika kijiji kimoja chenye kigango. Mkatekista wake, mzee mwenye heshima, alitueleza habari za mjane mmoja wa hapo. Kila Pasaka na kila Noeli jumuiya humpelekea kikapu: mchele, samaki wakavu, kipande cha sabuni. Huimba wimbo mlangoni pake, husali, na kurudi kwa furaha. Lakini mlango wenyewe ni wa kibanda alichoazimwa. Nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, shamba walilolifyeka pamoja, na michikichi waliyoipanda, vyote vilichukuliwa na ndugu za mume siku chache baada ya tanga kuondolewa. "Tena," akasema mzee yule akiinamisha kichwa, "wengine kati ya wachukuao kikapu ndio wale wale walioichukua nyumba."

Wapenzi wasomaji, maneno haya yalitunyima usingizi. Mchele ule wa kikapu ulitoka wapi? Huenda ulivunwa katika shamba lake mwenyewe! Je, hiyo ni sadaka, au ni kumrudishia mtu punje kumi katika gunia lake tulilomnyang'anya, kisha kungoja atushukuru?

Na sheria haikunyamaza. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamhesabu mjane kati ya warithi, na inampa haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mumewe. Lakini serikali huitambua ndoa iliyoandikishwa. Wengi wetu hufunga ndoa kwa mahari mbele ya wazee, na kwa sakramenti mbele ya padre, halafu hawafiki kwa mwandikishaji. Mume akifa, mjane hana karatasi, na ndugu za mume wana sauti kubwa. Karatasi moja ingemfaa kuliko vikapu ishirini.

Mkatekista hakuishia katika masikitiko. Aliwakusanya wazee wa ukoo, na kapita wa kijiji, na imamu pia, kwa maana jambo la wajane halina dini moja. Walikaa jioni nyingi. Wengine walikasirika, wakamwambia, "Wewe ni wa sala, mambo ya mashamba yanakuhusu nini?" Siku tulipopita, mjane alikuwa amekwisha rudishiwa nusu ya shamba. Nyumba bado. Alikuwa akipanda karanga, wala hakutuomba kitu. Mzee alituambia kwamba tangu alipoanza kazi hii watu kadhaa wamemkasirikia, hata mwaka huu hakupewa kuku wa Pasaka kama ilivyo desturi. Hapo tulitambua kwa nini watu wengi hupenda kikapu. Kikapu hakimchukizi mtu.

KABAMBARE

Kabambare ni mji mdogo, lakini jina lake ni la zamani. Livingstone aliuita Bambarre, akakwama hapo miezi mingi mnamo mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu, asiweze kutembea, akitunzwa kwa chakula cha wenyeji na cha wafanyabiashara wale wale aliowachukia matendo yao. Leo mgonjwa wa Kabambare bado ategemea miguu ya wengine, wakati njia imekatika na hospitali iko mbali.

Katika wilaya hii ya Kabambare kuna Salamabila, penye dhahabu. Vijana huacha jembe na shule, hushuka mashimoni, na wengine hawapandi tena. Mwaka 2016 kampuni ya kigeni ilianza kuchimba dhahabu kibiashara katika mgodi wake huko, na miaka iliyofuata ilijaa magomvi, bunduki, na watu kukimbia makwao. Walipokimbia, walipokewa na watu maskini kama wao, na mashirika ya huruma yakaleta unga na maturubai. Asante kwao. Lakini unga hauondoi bunduki begani mwa kijana asiye na kazi, wala turubai halimwambii mwenye shamba ni nani aliyelichukua shamba lake, na kwa malipo gani. Dhahabu, kama pembe za zamani, huenda mbali, ikavaliwa vidoleni na watu wema wasioijua njia iliyopita.

MAFUNDISHO YA KANISA

Je, sisi wana wa Kanisa twafundishwa nini? Bwana wetu Yesu Kristu alitupa mfano wa Msamaria Mwema. Tumeusikia mara nyingi. Mwaka 1967, huko New York, mchungaji Martin Luther King aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba haitoshi kuwahurumia walioumizwa njiani. Imepasa njia yenyewe ya Yeriko igeuzwe, ili wasafiri wasipigwe tena. Kanisa letu lilikuwa limekwisha kufundisha jambo hilo hilo. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya utume wa walei ya tarehe 18 Novemba 1965, uliagiza kwamba haki itimizwe kwanza, tusije tukampa mtu kwa jina la hisani kile ambacho ni haki yake. Na kwamba tuondoe visababu vya maovu, siyo matokeo yake peke yake. Tena msaada upangwe hivi kwamba anayeupokea aweze polepole kujitegemea. Naye Baba Mtakatifu Benedikto XVI, mwaka 2005, alitukumbusha upande wa pili: hata nchi ikiwa na haki kamili, upendo utahitajika daima, kwa kuwa mtu mwenye huzuni hahitaji sheria tu, bali pia mwenziwe wa kukaa naye.

Jimbo la kiaskofu la Kasongo, lililokuwa vikariati mwaka 1952 na jimbo kamili mwaka 1959, limewahi kuwa na mchungaji aliyeyaishi mafundisho hayo. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alikuwa Askofu wa Kasongo tangu mwaka 1990, kisha akawa Askofu Mkuu wa Bukavu mwaka 1994. Wakimbizi walipojaa Kivu, hakuridhika kuwatafutia chakula peke yake. Alipaza sauti kwa ajili yao na kwa ajili ya wenyeji, akakemea matendo mabaya ya wenye silaha, akawaandikia wakuu wa dunia. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa mjini Bukavu. Kama angaligawa unga na kunyamaza, labda angaliishi siku nyingi zaidi. Mkatekista wetu alinyimwa kuku; askofu wake wa zamani alinyang'anywa uhai. Kuuliza "kwa nini" kuna gharama yake, kubwa au ndogo, na Mkristo asishangae akidaiwa kuilipa.

TUFANYE NINI?

Wengine watasema: "Mambo haya ni ya serikali na ya wakubwa. Sisi tu watu wadogo." Kweli, daraja la chuma hatuwezi kulijenga, wala hatuwezi kuyaamuru mataifa yanunuayo dhahabu. Lakini yako yaliyo chini ya mikono yetu.

Kila jumuiya, kabla ya kupeleka kikapu kwa mhitaji, na ijiulize maswali matatu. Kwanza: mtu huyu amepungukiwa na nini leo? Hapo tutoe bila kukawia, maana njaa haingoji mkutano. Pili: ni kitu gani, au ni nani, aliyemfikisha hapa? Tatu: je, sisi wenyewe tumo katika sababu hiyo? Swali la tatu ndilo gumu, nalo ndilo lenye baraka.

Vijana mliofunga ndoa, iandikisheni. Akina baba, semeni mbele ya ukoo, mngali wazima, nyumba na shamba vitakuwa vya nani. Wazazi, andikisheni watoto wenu wanapozaliwa, na wapelekeni chanjo. Wenye michikichi, uzeni pamoja. Walimu na wanafunzi, mnaojua kusoma sheria, wasomeeni wasiojua. Na mahali ambapo kamba imevutwa njiani bila haki, wasiende wawili watatu kunung'unika. Waende wazee wote, Wakristo kwa Waislamu, mchana, kwa adabu, wakaulize risiti.

Wahenga walituachia maneno yanayofaa jambo hili. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tena walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa Kasongo na Kabambare ni wa siku nyingi, na mikono mingi imepita ikiupaka chokaa. Tumwombe Mungu atupe macho ya kuuona, na moyo wa kuuziba, kila mtu akianza na ule ulio katika ukuta wa nyumba yake.